KADARI YA MUNGU NA DENI LA TAJIRI: NANI ANAMBEBA MFANYAKAZI ALIYEUMIA KAZINI?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Ndugu zangu waumini, nawausia ninyi na ninaiusia nafsi yangu kwanza kumcha Mwenyezi Mungu, katika msikiti na nje ya msikiti, katika sala na katika mshahara.

Nimesema katika mshahara, na sikukosea. Ijumaa hii hatutazungumza juu ya udhu wala juu ya saumu. Tutazungumza juu ya mtu anayepanda juu ya nyumba ya mwenzake kupiga bati, akaanguka.

Ndugu zangu, kisa chenyewe wengi wenu mnakijua. Miaka iliyopita tulikuwa tunajenga paa la madrasa yetu. Tulichukua masoni mmoja na vijana wanne wa kumsaidia, kila mmoja kwa malipo ya siku. Hakuna kontra iliyoandikwa, hakuna jina lililopelekwa popote. Siku ya tisa, jukwaa la miti lilivunjika na kijana mmoja akaanguka na mgongo wake. Tulimpeleka hospitali. Kamati ililipa juma la kwanza, tukapeleka gunia la mchele nyumbani kwake, na mimi mwenyewe nikakaa karibu na kitanda chake, nikamwambia: "Ndugu yangu, hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu, subiri." Halafu tukarudi, tukamaliza paa, tukachinja mbuzi wa shukrani.

Baadaye nilienda kumwona tena. Alikuwa hawezi kusimama bila fimbo. Nilianza tena maneno yangu ya kadari. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema: "Shehe, kadari niliikubali siku ile ile, nikingali chini kwenye matofali. Ninachouliza si kadari. Ninauliza nani atalipa shule ya watoto."

Sikuwa na jibu. Nilitoa kitu kidogo mfukoni, nikaondoka. Hotuba hii ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile, na limechelewa.

1. KADARI HAILIPI DENI

Swali letu la kwanza ni hili: kama ajali imeandikwa na Mungu, mwenye kazi anadaiwa nini? Matajiri wengi husema, "Sikumsukuma mimi. Mungu amependa." Maneno haya yana sura ya imani, lakini tuyaangalie vizuri.

Mtu akiua kwa kukosea, bila kukusudia, je, kifo kile hakikuwa kadari? Kilikuwa kadari. Hata hivyo Kurani tukufu, katika Surat An-Nisaa, imeamrisha diya ipelekwe kwa jamaa wa marehemu. Mwenyezi Mungu aliyeandika kifo ndiye aliyeandika diya. Hakuna mahali aliposema kwamba la kwanza linafuta la pili. Basi kadari inamfundisha aliyeumia asimnung'unikie Mola wake, wala haikuwekwa iwe kifuniko cha mfuko wa tajiri. Mgonjwa ndiye mwenye haki ya kusema "ni kadari". Mwenye kazi akilisema neno hilo kabla ya kulipa, analitumia kama ufunguo wa kufunga mlango.

Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa na Bedui juu ya ngamia wake, kama amwache huru na kumtegemea Mungu, alimfundisha amfunge kwanza, kisha ndiyo ategemee. Kumfunga ngamia ni sehemu ya kutegemea. Kuandikisha mfanyakazi, kukaza jukwaa, kumpa kofia ngumu na viatu, ni kumfunga ngamia.

2. HADITHI YA MGODI

Sasa nakuja kwenye jambo zito, nalo wanafunzi wa chuo wanalijua. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwa Abu Huraira (r.a.) hadithi inayosema kwamba kisima ni jubari na mgodi ni jubari, yaani aliyekufa humo damu yake haina diya. Nimemsikia mwenye shimo mmoja, hapa hapa Maniema, akiitumia hadithi hii mbele ya mama mjane. Alikuwa na simu mbili mkononi, na mjane alikuwa na mtoto mgongoni.

Ndugu zangu, hadithi ni sahihi. Hatutaikimbia. Lakini elimu si kushika nusu ya maneno. Wanazuoni wetu, na Imamu Nawawi miongoni mwao, wameieleza: ni mtu aliyechimba katika ardhi yake au mahali palipo halali kwake, bila kuvuka mpaka, akaajiri watu, udongo ukawaangukia bila kosa lake. Huyo hahesabiwi kuwa ni muuaji. Lakini aliyechimba kwenye njia ya watu bila ruhusa, ana dhamana. Kwa hiyo hadithi inamwondolea mtu hatia ya damu asiyoimwaga. Haimpi ruhusa ya kupuuza.

Basi tumuulize mwenye shimo maswali matatu. La kwanza: ulitia miti ya kushikilia udongo, au uliona ghali? La pili: mvua iliponyesha usiku kucha, nani alisema asubuhi vijana washuke? La tatu: uliahidi nini ulipowachukua? Maana Waislamu hufungwa na masharti waliyokubaliana, na sheria ya nchi unayoishi ndani yake kwa amani ni sharti uliloliingia, hata kama hukuisoma.

Tunakumbuka Kolwezi, Juni 2019, ambako zaidi ya wachimbaji 40 walifukiwa. Tunakumbuka Kamituga, Septemba 2020, mvua ilipojaza mashimo na watu wapatao 50 wakafa. Wale wote walikuwa na mama. Katika nyumba ngapi kati ya hizo iliingia franka hata moja baada ya matanga kwisha?

3. ANAYEKULA FAIDA ABEBE MZIGO

Iko kanuni moja katika fikihi, imetoka katika hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyopokewa na Abu Daudi na Tirmidhi: pato huenda pamoja na dhamana. Mtu hawezi kuchukua tunda la kitu na kuukataa mzigo wake. Kama ng'ombe ni wako akitoa maziwa, ni wako pia akiumwa.

Kanuni hii ilisemwa juu ya biashara, lakini maana yake ni pana. Nyumba ya ghorofa ikikamilika, mwenye nyumba atapanga na kula kodi miaka 30. Masoni alilipwa siku zake 40, akaenda. Mguu uliovunjika uko upande gani wa hesabu? Ukiuacha kwake, umefanya hivi: faida ya miaka 30 ni yako, hasara ya maisha ni yake. Hiyo ndiyo mizani ambayo Surat Al-Mutaffifin imeilaani: mtu akipokea anataka kipimo kijae, akitoa anapunguza.

Na Mtume (s.a.w.) amewaita wanaotutumikia kuwa ni ndugu zetu, ambao Mungu amewaweka chini ya mikono yetu. Akaagiza tusiwatwike wasiloliweza, na tukiwatwika tuwasaidie. Akasema pia kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wao Siku ya Kiyama, yumo aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Mimi nauliza: mtu aliyekupa kazi yake na mgongo wake, ukamlipa kazi peke yake, umemlipa?

4. JE, BIMA SI HARAMU?

Hapa ndugu mmoja atainua mkono: "Shehe, tulisoma kwamba bima ina kamari ndani yake, na riba, na ghururi." Umesema kweli, tena umefanya vema kuuliza. Wanazuoni wa Baraza la Fikihi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu walikutana Jedda mwaka 1985. Wakaikataa bima ya biashara, ile ambayo kampuni huuza ahadi ili ipate faida, mteja hajui atapata nini wala lini. Lakini katika azimio lile lile wakaikubali bima ya kusaidiana, ambayo watu huchanga kwa nia ya kubebana. Na kabla yao, mwaka 1965, wanazuoni waliokutana Kairo chini ya Al-Azhar walikwisha kuukubali mpango wa serikali wa kuwalinda wafanyakazi.

Na jambo hili si geni katika dini yetu. Diya ya aliyeuawa kwa makosa ni ngamia 100. Je, muuaji aliachiwa alipe peke yake mpaka afilisike? Hapana. Mtume (s.a.w.) aliiweka juu ya akila, yaani ukoo wake wote, na wanazuoni wakaigawa kwa miaka mitatu, kila mtu kidogo kidogo. Na katika mkataba wa Madina, Mtume alipofika tu, kila kundi lilipewa wajibu wa kulipiana diya na kukomboa mateka wake, na waumini wakaagizwa wasimwache mwenzao aliyelemewa na mzigo. Na Mtume aliwasifu watu wa Ash'ari: chakula kikipungua vitani au nyumbani, walikuwa wakikusanya kila walicho nacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa.

Sasa, sanduku ambalo waajiri wote huchangia kila mwezi, ili aliyeumia apate dawa na mjane apate posho, lina tofauti gani na nguo ile ya Ash'ari? Halikuundwa ili liuze ahadi na kula faida. Mama zetu wanafanya likelemba, vijana wana MUSO zao. Hatujawahi kuwaambia ni kamari.

5. SHERIA YA NCHI YETU INASEMA NINI

Wengi wetu tunadhani mambo haya ni ya wazungu wa makampuni. Basi sikieni. Nchi yetu iliweka sanduku la usalama wa jamii, INSS, kwa amri ya tarehe 29 Juni 1961, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Sheria mpya ikatolewa tarehe 15 Julai 2016, na tangu 2018 sanduku hilo linaitwa CNSS.

Katika michango yake liko fungu la ajali za kazini na magonjwa yanayoletwa na kazi. Fungu hilo analilipa mwajiri peke yake: asilimia 1.5 ya mshahara. Mfanyakazi hakatwi chochote kwa ajili yake. Fanyeni hesabu: mshahara wa franka 100,000, mchango wa ajali ni franka 1,500 kwa mwezi. Ndugu yangu tajiri, yunite unazopiga simu kwa siku moja zinapita hapo. Yako mafungu mengine, ya uzee na ya watoto, na yote pamoja yanafika asilimia 18: mwajiri 13, mfanyakazi 5. Lakini la ajali ni dogo kuliko yote, na ni lako wewe mwenye kazi.

Kwa mchango huo, aliyeumia kazini, hata akiwa njiani kwenda kazini au kurudi, ana haki ya matibabu, ana haki ya posho wakati hawezi kufanya kazi, na akibaki kilema ana haki ya malipo kwa kiasi cha kilema chake. Akifa, mjane na yatima wana fungu lao. Lakini yote yanategemea kitu kimoja: jina lake liwe limeandikwa, na ajali itangazwe mapema.

Na msiseme, "Wangu ni wa siku, hahesabiwi." Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba mfanyakazi wa siku aliyekwisha kumfanyia mtu siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, kontra yake inakuwa ya kudumu. Wangapi kati yetu wana "mtu wa siku" ambaye amekaa miaka sita?

6. NYUDHURU TUNAZOTOA

Wa kwanza anasema: "Nina watu 20, nimeandikisha saba, hao wengine watanifilisi." Ndugu yangu, wale 13 umewafanyaje? Umewaambia kwamba wakianguka wao hawakuwapo. Surat Al-Baqara imetuagiza tuandike deni, liwe dogo au kubwa, tusichoke kuliandika. Kumficha mtu aliye hai asionekane katika daftari ni kumwandalia dhuluma kabla haijatokea.

Wa pili anasema: "Wafanyakazi wenyewe hawataki, wanaogopa kukatwa." Ni kweli, na ninawaambia ninyi vijana wa kazi: msiuze haki ya watoto wenu kwa sukari ya juma moja. Lakini wewe tajiri, ridhaa ya mwenye njaa usiifanye kuwa fatwa. Mwenye njaa ataridhia chochote.

Wa tatu anasema: "Pesa zikifika ofisini zinaliwa, mwenye haki anazungushwa mpaka anachoka." Yako malalamiko ya namna hiyo, na karani anayemzungusha mjane ameshika amana, naye ataulizwa. Lakini tangu lini hiana ya mwingine ikafuta deni lako? Ukimtuma mtu apeleke zaka akaila, utasema zaka imekwisha kuwa si faradhi? Lipa, shika risiti, mpe mfanyakazi namba yake, na akiumia nenda naye wewe mwenyewe. Tajiri akisimama dirishani pamoja na mtu wake, karatasi hutembea. Akimtuma peke yake na fimbo, karatasi hulala.

7. ASIYE NA PATRONI

Limebaki kundi kubwa kuliko yote: mchimbaji wa shimo, motari, mwenye toleka, mbeba mizigo bandarini. Huyu patroni wake nani? Hana. Ndiyo maana sanduku la Leta halimfikii kwa urahisi.

Lakini kanuni yetu ya pato na dhamana inatusaidia kutafuta. Katika shimo yuko PDG anayechukua sehemu yake ya mchanga. Yuko mnunuzi anayengoja juu. Sheria ya migodi ya tarehe 9 Machi 2018 inataka wachimbaji wawe katika koperative. Basi koperative isiwe ya kukusanya kodi tu. Kila kilo inayotoka, kitu kidogo kiingie katika sanduku la walioumia, kabla ya PDG, kabla ya mnunuzi. Motari wana umoja wao, na kila siku wanalipa hiki na kile. Waweke na la kwao. Hiyo ndiyo akila ya leo. Sayidna Umar (r.a.) alipoandikisha askari katika daftari, wako wanazuoni waliosema kwamba walioandikwa pamoja wamekuwa akila moja, hata kama si ukoo mmoja. Maana damu si kamba peke yake inayofunga watu. Kazi nayo ni kamba.

KHUTBA YA PILI

Ndugu zangu, namaliza kwa kisa cha Sayidna Umar, kama alivyokipokea Abu Yusuf katika kitabu chake cha Kharaj. Umar alimkuta mzee kipofu akiomba mlangoni. Akamuuliza yeye ni nani, akajibu kwamba ni Myahudi, na kwamba kinachomwombesha ni kodi, shida na uzee. Umar akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake, akampa. Kisha akamwita mtunza hazina, akamwagiza amwangalie mzee huyo na wenzake, kwa sababu si haki tumle mtu ujana wake, halafu tumtupe katika uzee.

Hakumuuliza dini ili amnyime. Na hakumpa sadaka akaishia hapo. Alibadilisha daftari la hazina. Hiyo ndiyo tofauti kati ya huruma na haki. Huruma inatoa mfukoni, leo ipo, kesho imesahau. Haki imeandikwa, na aliyeumia anaidai akiwa ameinua kichwa.

Kijana wetu wa paa la madrasa siku hizi hukaa karibu na mlango huu mnaotokea. Mnampa franka mia mbili, mia tano, na Mungu awalipe. Lakini watoto wanasoma Kurani chini ya paa lile, mvua haiwapigi. Sisi tumekula mgongo wake, na tunamwita maskini.

Kwa hiyo nimeiomba kamati mambo matatu, na nayasema hadharani ili mtuulize. La kwanza, mlinzi wetu, mwadhini na walimu wa madrasa wanaopokea mshahara waandikishwe, na mchango wao ulipwe kila mwezi kabla ya bili yoyote ya vipaza sauti. La pili, kazi yoyote ya ujenzi wa msikiti isianze bila majina ya mafundi kuandikwa na jukwaa kukaguliwa. La tatu, kijana yule, kwa sababu hatukumwandikisha, deni lake liko juu yetu sisi. Apewe kiasi maalumu kila mwezi kutoka mfuko wa msikiti, kwa barua, si kwa mkono wa siri. Mimi nimekubali fungu la kwanza litoke katika posho yangu, kwa maana ni mimi niliyemwambia asubiri.

Na ninyi wenye duka, wenye gari, wenye shimo, mwenye kumweka binti jikoni na kijana getini: mkirudi nyumbani leo, andikeni majina ya wanaowafanyia kazi. Kama karatasi yenu ina majina mengi kuliko ile iliyoko ofisini, mmekwisha kujua deni lenu.

Ewe Mola wetu, wasamehe tuliowadhulumu kwa kutojua, na utuongoze tuwalipe tuliowadhulumu kwa kujua. Warehemu waliofukiwa mashimoni na walioanguka kazini. Walee yatima wao kwa mikono yetu, wala usiifanye mikono yetu kuwa mizito. Wape viongozi wa nchi yetu uadilifu, na utupe amani mashariki na magharibi. Amin.

Simameni kwa sala, Mungu awarehemu.